Mzee wa Dirishani Hasemi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta tukitoka kwa daktari wa koo. Amenitaka niandike kila siku Baba amekula nini na kama amejaribu kusema. Nikamuuliza kwani mimi nimekuwa karani. Akasema, "Wewe andika tu, binti. Kidonda kimepona. Sauti yake ya zamani hairudi, hilo tulishaambiana. Lakini ya kunong'ona anayo, anaikataa mwenyewe. Kovu likikaza hajaitumia, basi tena. Nampa mpaka mvua hizi ziishe."

Baba alikuwa ameketi pale pale, skafu shingoni, anatazama ukuta kana kwamba anazungumziwa mtu mwingine. Nilitaka kumtikisa mabega.

Haya, naandika. Supu, nusu bakuli. Hajasema.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mkate, kipande. Hajasema.

Alhamisi, 6 Machi

Kama daktari atayasoma haya, afadhali ajue nyumba yetu ilivyo.

Kazi yetu ni kutia sauti. Filamu na katuni zinakuja na lugha za wenyewe, sisi tunazifanya ziseme Kiswahili. Mtu mmoja anasema wote: mtoto, bibi kizee, jini, mbwa. Baba aliifanya kazi hii tangu sijaota meno, na watu walimwita Radi, kwa sababu alipopiga ukelele wa vita kwenye zile anime za kupigana, katuni za Kijapani, vikombe vilitikisika kabatini. Mimi nilikuwa nakaa miguuni pake namwigiza midomo. Koo lilipopasuliwa nikakalia kiti chake. Duka lililoko mbele ni la Baba Mdogo, yeye ndiye anayeuza kazi zetu kwenye flashi.

Chumba chenyewe ni kidogo, magodoro yameegemezwa ukutani yameze mwangwi. Kuna maikrofoni, kompyuta, na ile televisheni ya zamani ya chogo tunayotazamia picha, ambayo Baba alikataa isitupwe. Sheria ni mbili. Ya Baba: usionje. Unatia sauti papo hapo mara ya kwanza unapoiona picha, kwa sababu anayejua mwisho huwa anadanganya mwanzo. Ya Baba Mdogo: kimya ni hitilafu. Mteja akisikia kimya anadhani spika imekufa, anarudisha flashi. Kwa hiyo penye kimya tunatia neno.

Nikifanya kazi Baba anakaa nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki, mchana kutwa. Hanisifu wala hanikosoi. Hilo la pili ndilo linalonitisha.

Jumatatu, 10 Machi

Baba Mdogo kaleta mzigo mpya. Macho yake yote yako kwenye *Panga la Moto*, msimu mpya: vijana wa nywele za rangi wanarushiana moto mpaka mlima unapasuka, na aliyekufa wiki hii anafufuka wiki ijayo ili apigwe tena. Nilikuwa naifungua kwenye kompyuta Baba aliponyanyuka. Tangu atoke hospitali hajawahi kunyanyuka bila kubembelezwa. Akaja, akaweka kidole chini kabisa ya orodha, juu ya jina nisilolijua: *Kituo cha Mvua*.

"Hii?" nikamuuliza. Kidole hakikubanduka.

Baba Mdogo akacheka. "Kaka, hiyo nimepewa nyongeza tu, kama ndimu sokoni. Haina ngumi hata moja. Nani ataitazama?"

"Baba ameitaka."

"Baba yako mgonjwa."

"Ndiyo maana nitaifanya."

Niliisema kwa sauti ambayo binti hamtolei baba yake mdogo. Akainua mikono juu, akarudi dukani kwake.

Jumatano, 12 Machi

Sehemu ya kwanza ya *Kituo cha Mvua*. Msichana anaishi na babu yake kwenye kituo cha kupimia mvua, juu ya kilima. Asubuhi anavaa koti, anatoka kusoma maji kwenye bomba la kioo, anarudi, anabandika birika. Halafu tunalitazama birika. Linachemka, na sisi tumo. Babu amekaa dirishani, katupa mgongo, hageuki. Maneno ya wengine yanaandikwa chini ya picha, nayasoma na kuyageuza, lakini kwake hakuna kitu, hasemi.

Nilikaribia kulia kwa hasira. Katuni gani ya kusubiri birika! Lakini kimya ni hitilafu, kwa hiyo babu alipopewa kikombe nikamtilia neno la mzaha: "Chai gani hii, haina hata sukari?"

Msichana akasimama, akaenda kabatini, akaleta mkebe, akamtilia sukari.

Nilicheka mpaka ikabidi nisimamishe kinasa. Bahati ya mtende hiyo.

Supu, nusu. Hajasema.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Paa linapiga kelele, nimefanya kazi hedifoni zimenibana masikio. Hajasema.

Jumatatu, 17 Machi

Sehemu ya pili. Babu dirishani, mvua ya kwao na ya kwetu zimechanganyika siwezi kuzitofautisha. Nikamtilia: "Funga dirisha, miguu imeganda." Msichana akamfunika miguu kwa blanketi kwanza, halafu akafunga dirisha.

Leo sikucheka sana.

Jumamosi, 22 Machi

Kinyozi wa jirani ndiye mteja wetu wa kwanza siku zote, kwa sababu hurusha kazi zetu kwenye televisheni ya kibandani kwake ili wanaosubiri wasisikie uchungu wa kusubiri. Leo kaja mwenyewe, mkasi mfukoni.

"Dada, ile ya mvua imenitia hasara. Watu wamenyolewa, hawaondoki. Wamekaa kimya wanatazama birika. Mimi nisipopiga domo si nitasahau kunyoa?"

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Akageuka kuondoka, akasita mlangoni.

"Ila mbona siku hizi mko wawili?"

"Wawili wapi?"

"Pale babu anaposema. Kuna mtu ananong'ona kidogo, halafu ndiyo unasema wewe. Wateja wameisikia wote. Mmoja kahama kiti, hataki kuwa karibu na spika."

Nikamwambia ni mvua. Mvua husema mengi ukiipa sikio.

Jumanne, 25 Machi

Leo nimemfanyia Baba Mdogo sehemu moja ya *Panga la Moto* ili anipumzishe. Nilipiga kelele mpaka nikaona nyota. Zamani nilizipenda hizi. Leo nilimwona yule kijana anaapa kulipiza kisasi, nikajua atashindwa, atakumbuka maneno ya mwalimu wake, ataamka, atashinda. Nilijua kama ninavyojua njia ya chooni. Kwenye ile ya mvua sijui hata kama msichana atapata kiberiti, na natamani kujua mpaka nakosa usingizi. Tena sasa nikimimina maji nyumbani nayaangalia. Nimeishi miaka yote hii sijawahi kuona birika likianza kuhema.

Baba leo alitoka chumbani *Panga la Moto* ilipoanza, akarudi ilipokwisha. Supu, nusu. Hajasema.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeharibu.

Sehemu ya sita. Mtu wa posta kafika kituoni amelowa chapachapa. Akamtazama babu, akamgeukia msichana, na maandishi yakatokea chini ya picha, nami nikayasema kabla akili haijafika: "Kumbe babu yako hajatamka neno tangu mafuriko yale?"

Hajatamka neno! Na mimi tangu sehemu ya kwanza nimemfanya adai sukari, alalamikie miguu, amtanie paka wa kituoni. Kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa hadithi yenyewe. Usionje, kimya ni hitilafu: sheria mbili za nyumba hii zimeoana, zikazaa kituko. Picha inakwenda, kinasa kinakwenda, jasho linanitoka. Mtu wa posta alipotoka, nikamtilia babu kitu cha kwanza kilichonijia: "Mwache aende. Yeye hanisikii."

Msichana akatabasamu. Akasogea dirishani, maandishi yakatokea, nikayasoma kwa sauti: "Lakini mimi nakusikia, Babu."

Hiyo sikuitunga mimi. Imeandikwa. Nimerudisha picha nyuma nikaisoma tena, na tena.

Baba Mdogo kaja juu, anasema nimemharibia jina, watu watadai tumelewa. Jioni Kinyozi kapita kutuambia kuwa kibandani kwake msichana aliposema vile watu walipiga kelele kama goli limeingia, na wanauliza nilijuaje. Baba Mdogo akarudi dukani kuhesabu flashi. Mimi sijui nilijuaje. Naogopa. Nilitunga uongo, na katuni imeukubali.

Mkate, kipande. Hajasema.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Hajasema.

Jumanne, 8 Aprili

Baba Mdogo amempeleka Baba kliniki, vipimo. Nikabaki peke yangu, nikaona nifanye sehemu ya nane mvua ikiwa imepungua. Nilifunga mlango. Nyuma yangu kiti cha plastiki kitupu.

Msichana amegombana na babu, yaani amegombana na mgongo wake. Amechukua begi. Mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Nilikuwa nimekwisha kujiandalia neno, kitu kama "Kwa heri, mwanangu," linalofaa popote. Nikafungua mdomo, likatoka hili: "Kasuku, usifunge mlango."

Msichana akaacha kitasa. Mlango ukabaki wazi, mvua ikawa inaingia ndani.

Mimi ndiye Kasuku. Baba ndiye aliyeniita hivyo nilipokuwa naigiza midomo yake, na jina hilo sijalisikia tangu nimalize shule. Nilivua hedifoni nikageuka. Kiti kitupu. Nikafungua mlango wa chumba na kwenda kusimama dukani, kwenye watu, mpaka waliporudi.

Daktari amesema kovu limeanza kukaza. Supu hakugusa. Hajasema.

Jumatano, 9 Aprili

Sikufanya kazi. Nimesema kichwa kinauma. Hajasema.

Jumatatu, 14 Aprili

Namshukuru Mungu kwa televisheni ya chogo!

Sehemu ya kumi. Kituoni umeme umekatika, wingu zito dirishani, picha nzima nyeusi isipokuwa bega la babu. Nilikuwa naanza kumtilia "Sogeza taa" nilipoona kioo cha televisheni kimekuwa kioo cha kujitazamia. Nikajiona mimi, hedifoni masikioni. Nyuma ya bega langu nikamwona Baba, na midomo yake ilikuwa imeshamaliza kusema: sogeza taa.

Sikugeuka. Nilikaa kama mtu aliyeona ndege katua dirishani. Babu alipopewa tena nafasi nikatazama kioo badala ya picha. Baba akainama mbele kidogo, akasema, nami nikasema baada yake. Kila mara picha ya babu inakuwa nyeusi, mgongo na dirisha na usiku wa mvua, na kila mara midomo ya Baba iko pale, na macho yangu, yaliyolelewa miguuni pake, yamekuwa yakiisoma siku zote hizi bila kuniomba ruhusa. Maneno hayakuwa yangu hata siku moja.

Kumbe anajua kunong'ona. Ananong'ona nyuma ya mtu aliyeziba masikio, kwa sababu anaamini hapo hakuna wa kumsikia. Radi haitaki kusikika ikinong'ona.

Nimelia sana, jikoni, bomba likiwa wazi. Ile ya siku ya kliniki nimejiambia ni mazoea tu, nimeshamzoea mpaka anasema hata asipokuwepo. Nimejiambia hivyo.

Supu, nusu. Hajasema, lakini daktari, hajasema *kwetu*.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemweleza Baba Mdogo. Akanitazama kwa huruma. "Umemwona kwenye kioo. Mwanangu, nenda kalale." Akaja kusimama mlangoni ajionee mwenyewe, na Baba akafunga mdomo kama kifuniko cha chungu. Mimi nikabaki sina la kumtilia babu, kimya kikapita ndani ya picha, Baba Mdogo akashika kichwa.

"Basi tena! Wateja wa *Panga la Moto* wananifukuzia. Hii imekwisha leo." Akachomeka flashi yake.

Baba akanyanyuka, akafuata waya mpaka ukutani, akachomoa plagi. Akarudi kukaa, plagi mapajani, ameikunjia mikono yote miwili.

Baba Mdogo alimtazama kaka yake kwa muda. Hasira ikamtoka usoni, pakabaki kitu nilichokiona mara moja tu, siku ya upasuaji. "Mpaka mvua ziishe," akasema, kama aliyekuwepo daktari alipoyasema. "Baada ya hapo mnanirudishia chumba changu."

Nilikuwa nikimwona mchumia tumbo. Leo nimeona anaogopa kuliko mimi.

Jumamosi, 3 Mei

Manyunyu tu. Hajasema.

Jumanne, 6 Mei

Asubuhi jua, jioni manyunyu. Imebaki sehemu moja na siifungui. Nangoja mvua irudi, ili muda wa daktari usiwe umekwisha. Kinyozi anasema wateja wake nao wanasali inyeshe, na mmoja wao ni mwuza nguo za mitumba anayeanika nje. Hajasema.

Jumapili, 11 Mei

Haikunyesha. Hajasema.

Ijumaa, 16 Mei

Siku ya sita bila tone. Nikafungua sehemu ya mwisho.

Kituoni nako mvua imekatika. Bomba la kioo limekauka. Msichana anaitwa mjini, kituo kinafungwa. Anafagia, anafuta vumbi, anachemsha maji mara ya mwisho, na nililitazama birika lile kama ndugu. Nilimwacha babu kwanza, nikawa nasoma ya msichana tu, nikingoja picha iwe nyeusi. Haikuwa. Jua limejaa dirishani, picha yote nyeupe, kioo cha televisheni hakionyeshi kitu nyuma yangu. Si bega, si kiti, si mdomo.

Msichana akapiga magoti. Maandishi yakaja, nikayasoma: "Babu, siku zote hizi ulinyamaza kwa nini?"

Na babu akageuka.

Ana uso wa kawaida kabisa, wa mzee aliyekosa usingizi. Alitutazama. Midomo yake ikaanza kuchezacheza, na hakuna sauti, hakuna maandishi. Waliotengeneza wameuacha hivyo, kila mtu asikie lake. Mimi sikuwa na neno. Nilitafuta mzaha, nilitafuta "kwa heri". Kimya kikatanda ndani ya picha na ndani ya chumba. Baba Mdogo alikuwa mlangoni, na hakusema hitilafu.

Nikavua hedifoni. Nikageuka nikaipa picha mgongo, jambo ambalo mtia sauti hafanyi, nikamsogezea Baba maikrofoni mpaka kwenye skafu.

"Baba, mimi sijui anasema nini. Mimi nilikuwa nakuigiza tu."

Alinitazama mimi, akamtazama mdogo wake mlangoni. Niliona aibu inampanda shingoni, kovu likawa jekundu. Kisha akafungua mdomo, pumzi ikatoka imekwaruza kama ufagio kwenye sakafu.

"Sikunyamaza," akasema. "Kasuku alikuwa ananisemea."

Baba Mdogo akakaa chini, pale pale mlangoni, akajifuta uso kwa kofia yake. Nyuma yangu muziki wa mwisho ulikuwa umeanza. Sijui msichana aliondoka au alibaki. Sijarudi kutazama.

Jumatatu, 19 Mei

Kesho kwa daktari. Kinyozi anasema watu wamerudia mwisho ule mpaka spika imechoka, na yule aliyehama kiti amerudi kukaa karibu. Hakuna anayeuliza nani kanong'ona. Wazee wanaitambua sauti ile, hata bila radi yake. Baba Mdogo ananiuliza, huku akijifanya anapanga flashi, kama huko Japani wanazo nyingine za birika.

Leo nilisafisha rekodi zote, kuondoa kelele za mvua. Kinyozi alisema kweli. Kila babu anaposema, pumzi ya Baba inatangulia, kisha mimi. Niliisikiliza nikitabasamu, moja baada ya nyingine, mpaka nikafika sehemu ya nane.

Mlango, kitasa, mkono wa msichana. Pumzi: *Kasuku, usifunge mlango*. Kisha mimi.

Nimeirudia. Nimeangalia kama nimechanganya faili. Hakuna mvua nyingi siku ile, inasikika safi. Nilitoka mpaka barazani, Baba alikokuwa anakunywa supu juani.

"Baba, siku ile ya vipimo, nilipobaki peke yangu. Kliniki kulitokea nini?"

Aliweka kijiko. Bado anavuta pumzi kabla ya kila sentensi kama anayepanda ngazi. "Waliniacha ndani ya chumba cha mashine. Nesi akawa anafunga mlango. Nikaogopa. Nikajaribu kusema asifunge." Akagusa skafu. "Hakusikia mtu."

"Ulimwitaje, yule nesi?"

Baba alinishangaa, kama swali lenyewe halina maana.

"Sikumwita nesi," akanong'ona. "Nilikuita wewe."

Supu, bakuli zima. Amesema.